Kuamua Kama Farasi Kijana Abaki Dume la Mbegu

Mwana-farasi dume akizaliwa na umbo zuri, mwenye jike huingiwa na wazo la kumwacha awe dume la mbegu hata kabla mtoto huyo hajasimama imara. Wazo hilo limenijia mara nyingi katika miaka yangu ya kufuga farasi, lakini kwa mwana-farasi mmoja tuliyempa jina la Tufani lilinijia kwa nguvu iliyonilazimu nijifunze namna ya kulipima. Alikuwa farasi wa Kiarabu wa rangi ya kahawia, mwenye shingo iliyopinda vizuri na mkia uliosimama kila alipokimbia, na karibu kila mgeni aliyemwona alituambia tusithubutu kumhasi. Mwenzangu ninayefuga naye aliamini hivyo pia. Tulimtazama kwa muda wa miaka mitatu hivi kabla ya kuamua, na yale tuliyojifunza katika muda huo nayaeleza hapa kwa ajili ya yeyote aliye na kijana kama yule bandani na anayesikia sifa kutoka pande zote.

Kilichonibadilisha mawazo kwanza ni hesabu ya uzazi. Farasi jike hubeba mimba kwa siku 340 hivi na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja, kwa hiyo hata jike mwenye uzazi mzuri huacha watoto wachache katika maisha yake yote. Dume anayepanda mwenyewe anaweza kupewa majike makumi kadhaa katika msimu mmoja, na akitumika kwa uhimilishaji, yaani mbegu yake kukusanywa na kupandikizwa na mtu, anaweza kuvuka mia. Kasoro ambayo kwa jike ingebaki ndani ya ukoo mdogo, kwa dume husambaa katika misimu michache tu na kuingia kwenye mabanda ya watu ambao hata hawamjui mfugaji aliyeianzisha. Ndiyo maana wafugaji makini humsamehe jike jambo ambalo hawamsamehe dume, na ndiyo maana naamini kwamba anayetaka kumwacha kijana bila kumhasi ndiye anayepaswa kuleta ushahidi. Anayetaka kumhasi hana haja ya kujitetea.

Nguvu ya dume mmoja inaonekana wazi katika historia ya farasi wenyewe. Farasi wa mbio wa aina ya Thoroughbred, popote walipo duniani, wakifuatiliwa upande wa baba hadi mwanzo, wote huishia kwa madume watatu: Darley Arabian, Godolphin Arabian na Byerley Turk. Huo ni upande wa neema. Upande wa pili niliujua niliposoma habari za Impressive, dume wa aina ya Quarter Horse aliyezaliwa Marekani mwaka 1969 na kusifiwa sana katika maonyesho kwa ajili ya misuli yake. Majike wengi walipelekwa kwake, kisha kwa wanawe, mpaka uzao wake ukafikia makumi ya maelfu. Baadaye farasi wa ukoo huo walianza kuonekana wakitetemeka misuli, wakilegea, na wengine kuanguka na kufa ghafla. Mwaka 1992 hitilafu ya jeni inayosababisha ugonjwa huo ilitambuliwa: seli za misuli hushindwa kudhibiti chumvi zinazoingia na kutoka, na potasiamu hupanda katika damu. Jeni moja mbovu kutoka kwa mzazi mmoja inatosha kuleta maradhi. Kwa watoto waliozaliwa kuanzia mwaka 2007, chama cha aina hiyo ya farasi kilikataa kuwaandikisha wale waliorithi jeni hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili.

Hakuna aliyempelekea Impressive jike wake kwa nia mbaya. Watu walichagua kile ambacho macho yao yalikipenda, na ndani ya kile walichokipenda kulikuwa na kitu ambacho macho hayawezi kukiona. Tangu nilipoielewa habari hiyo, kila nikimtazama dume kijana mwenye sifa hujiuliza sifa hiyo inakuja pamoja na nini.

Kwa Tufani tulianza na miguu, kwa sababu farasi asiye na miguu mizuri hana kazi hata akiwa na kichwa cha kuchongwa. Tatizo ni kwamba umbo la kijana hubadilika sana. Anapoachishwa kunyonya, kati ya miezi minne na sita, huwa anapendeza; anapokaribia mwaka mmoja kiuno hupanda juu kuliko mabega, tumbo huning'inia na kifua huonekana chembamba, na mtu asiyezoea anaweza kumhasi kwa haraka kwa sababu ya ubaya wa kupita, au kumsifu kwa sababu ya uzuri wa kupita. Sisi tulijiwekea utaratibu wa kumsimamisha mahali pale pale, kwenye sakafu ngumu iliyo tambarare, na kumpiga picha kutoka mbele, nyuma na ubavuni, kisha kumtembeza na kumkimbiza mwendo wa matiti, yaani mbio za polepole, akija moja kwa moja kwetu na akiondoka. Picha hizo zilitusaidia kuliko kumbukumbu zetu, maana kumbukumbu ya mtu anayempenda farasi wake huwa na upole mwingi.

Katika mojawapo ya vipindi hivyo, alipokuwa anaelekea mwaka wa pili, mwenzangu alishika kamba nami nikachutama ubavuni kwake, macho yangu yakiwa usawa wa goti la mguu wa mbele. Mguu ulio sawa hushuka kama mstari mmoja kutoka juu ya goti hadi kwenye kifundo. Wa Tufani ulishuka vizuri hadi kwenye goti, kisha goti lenyewe likarudi nyuma ya mstari ule kwa upana usiozidi wa kidole. Nilimwomba mwenzangu amsogeze hatua moja, asimame upya. Goti likarudi pale pale. Upande wa pili ulikuwa hivyo pia, ingawa kidogo zaidi. Ukimtazama akikimbia uwanjani huwezi kuliona jambo hilo, kwa kuwa mkia na shingo humaliza macho yako yote.

Goti la namna hiyo halimfanyi farasi kuwa kilema. Wapo wengi wanaofanya kazi nalo maisha yao yote. Lakini goti la farasi limeundwa kwa mifupa midogo iliyopangwa kwa safu, na linaporudi nyuma kuliko inavyotakiwa, mgandamizo huangukia upande wa mbele wa mifupa hiyo, hasa farasi anapokimbia kwa kasi akiwa amechoka. Vipande vidogo vya mfupa vinaweza kumeguka, na hapo kazi yake huishia. Kwa farasi wa kupanda tu, upana wa kidole unaweza kuvumiliwa. Kwa dume la mbegu ilitubidi tuulize umetoka wapi.

Basi tukaenda kuutafuta. Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami kidogo, kwa sababu katika mambo yote tuliyoyafanya hakuna lililotufundisha zaidi. Watu wengi wakitathmini dume kijana hutazama baba yake, tena hutazama karatasi ya nasaba na kuhesabu majina makubwa yaliyomo. Mama huachwa nyuma, ingawa nusu ya kile alichonacho kijana kimetoka kwake, na ingawa ndiye tuliye naye nyumbani na tunaweza kumgusa. Tulimtoa mama yake Tufani, tukamsimamisha kwenye sakafu ile ile. Alikuwa na goti hilo hilo. Umri, mwili mpana na mazoea yetu ya kumwona kila siku vilikuwa vimelifunika. Kisha tukaomba ruhusa ya kumwona kaka yake wa tumbo moja, mtoto wa dume mwingine kabisa, aliyekuwa ameuzwa zamani. Naye goti lake lilirudi nyuma zaidi kuliko la Tufani, na mwenye farasi huyo alitueleza kwamba alikuwa ameacha kumkimbiza kwa sababu ya uvimbe wa mara kwa mara mbele ya magoti. Watoto wawili wa baba tofauti, wenye kasoro moja, na mama mwenye kasoro hiyo hiyo: kwangu mimi huo ulikuwa ushahidi mzito kuliko majina yote ya nasaba.

Mwenzangu hakukubali mara moja, na hoja yake ilikuwa na uzito. Alisema kwamba hakuna farasi asiye na dosari, na kwamba tukimhasi kila dume mwenye kasoro ndogo hatutabaki na dume hata mmoja. Ni kweli. Dume mwenye dosari moja inayojulikana anaweza kufaa, mradi apewe majike wasio na dosari hiyo na wenye ukoo usio nayo. Kwa hiyo hatukuufunga mjadala kwa goti peke yake, bali tuliendelea na mengine yaliyobaki.

Suala la korodani lilipita upesi. Kwa kawaida zote mbili huwa zimeshuka wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye, na kwa wachache moja huchelewa. Isiposhuka kabisa, hubaki ndani ya mwili ambako joto huizuia kutengeneza mbegu, lakini huendelea kutoa homoni za kiume, na inapaswa kutolewa kwa upasuaji ulio mgumu kuliko ule wa kawaida. Kwa kuwa hali hiyo hudhaniwa kurithiwa, dume wa namna hiyo hafai kuzalishwa hata kama korodani moja inampa uwezo wa kutia mimba. Daktari wa mifugo alimpapasa Tufani akiwa ametulia, akatueleza kwamba baridi au hofu huzivuta juu na kuwadanganya wanaopima kwa haraka; zote mbili zilikuwapo, laini na za ukubwa unaolingana. Meno ya mbele yalikutana sawasawa, jambo ambalo pia linafaa kutazamwa kwa dume, kwa sababu taya la juu linalotangulia la chini huonekana kurudi katika koo fulani.

Kipimo cha vinasaba kilituchukua dakika chache: tuling'oa nywele za shingoni pamoja na mizizi yake, kwa kuwa ni mizizi inayobeba kinachopimwa, tukazitia kwenye bahasha na kuzipeleka maabara. Kwa farasi wa Kiarabu yapo magonjwa ya kurithi yanayojulikana vyema. Mmoja ni ule unaoitwa kwa kifupi SCID, ambao humwacha mtoto bila kinga ya mwili, naye hufa katika miezi yake ya mwanzo kwa maambukizi ambayo mwenzake angeyashinda. Kipimo chake kimekuwapo tangu mwaka 1997. Mwingine huharibu ubongo mdogo ulio nyuma ya kichwa, na mtoto hutembea akiyumba bila kujua miguu yake iko wapi. Wa tatu huwapata watoto wanaozaliwa na manyoya yenye rangi iliyofifia, inayofanana na fedha au zambarau, ambao hukakamaa na kushindwa kusimama wanyonye. Yote matatu huhitaji jeni mbili, moja kutoka kwa kila mzazi. Mwenye jeni moja huonekana mzima kabisa, na akipandishwa na mwenzake mwenye jeni moja, kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaliwa mgonjwa na asilimia 50 wa kuwa mbebaji kama wazazi wake.

Majibu ya Tufani yalikuwa safi kwa magonjwa yote matatu. Tulifurahi, na furaha hiyo ilikuwa halali, lakini nimeona jinsi karatasi safi inavyogeuzwa kuwa cheti cha ubora. Karatasi ile ilisema kwamba Tufani habebi jeni tatu zilizotafutwa. Haikusema lolote juu ya goti, kwato, pumzi wala tabia, na wala haikuweza kusema. Ningemshauri kila mwenye dume kijana apime, kwa sababu kumleta duniani mtoto wa kufa kwa ugonjwa unaozuilika kwa nywele chache ni ukatili. Ila asiyahesabu majibu mema kuwa sababu ya kumwacha dume. Majibu hayo huondoa tu sababu moja ya kumhasi.

Kwa upande wa tabia tulikuwa na bahati ya kuwa na mzee aliyefanya kazi na madume tangu ujana wake. Nilimweleza kwamba Tufani ni mpole, anafuata kamba bila kuvutwa na anainua miguu akiombwa. Mzee alinisikiliza, kisha akasema, “Mwanangu, mpole akiwa na nani? Mlete hapa, halafu mwambie mwenzako apitishe jike aliye kwenye joto, anayetaka dume, kule ng'ambo ya uzio.”

Tulifanya hivyo. Tufani alimwona jike kabla yetu. Mwili wote ulikaza, shingo ikavimba, akapiga kilio kilichotikisa kamba mkononi mwangu, akainuka kidogo kwa miguu ya mbele. Mzee hakumtazama jike wala hakunitazama mimi. Alikuwa anaangalia masikio ya Tufani. Nilimwita kwa sauti ya kawaida, nikagusa kamba, na baada ya kitambo kifupi sikio moja likageuka kwangu, kisha akashuka na kurudi nyuma hatua moja kama nilivyomwomba. “Amekusikia,” mzee akasema. “Wapo ambao hapo hawasikii mtu. Hao ukiwaacha na korodani zao, siku moja watamwua mtu.” Aliongeza kwamba tuchunguze pia anavyofanya kamba ikiwa mikononi mwa mtu mwingine, na jibu la hilo halikuwa zuri kama la kwanza: kwa vijana waliotusaidia kazi alianza kung'ata mikono ya nguo na kuwasukuma kwa bega. Dume mwenye adabu kwa mtu mmoja tu ni hatari siku ambayo mtu huyo hayupo, na hakuna mfugaji aliye bandani siku zote.

Tulipofika hapo nilianza kufikiria jambo ambalo katika mazungumzo ya wafugaji hutajwa kidogo mno, yaani maisha ya dume mwenyewe. Farasi ni mnyama wa kundi. Hata katika makundi yanayoishi huru, madume wasio na majike hukaa pamoja, huchezeana, hupigana kwa mzaha na kukunana shingo. Dume la mbegu katika mabanda mengi huishi peke yake nyuma ya uzio mrefu, akinusa majike asiowafikia, na kazi yake halisi huchukua dakika chache katika msimu. Wapo wafugaji wanaompa maisha bora kuliko hayo, wanaomweka na maksai mtulivu, yaani farasi dume aliyehasiwa, au na jike mwenye mimba, wanaompanda na kumpeleka kazini kama farasi wengine, nawaheshimu sana. Lakini inahitaji nafasi, uzio madhubuti, watu wenye ujuzi na muda wa kila siku. Tufani alikuwa na maksai mmoja mzee wa kumfundisha adabu, na katika miezi ya kawaida walikaa vizuri. Msimu wa majike kuingia kwenye joto ulipofika alianza kutembea kando ya uzio huku na huko mpaka akachimba njia kwenye ardhi, akaacha kumaliza malisho yake, na mbavu zikaanza kuhesabika. Kumwona hivyo kuliniuma kuliko kasoro ya goti.

Ilitubidi pia kumtenga na majike mapema kuliko wengi wanavyodhani. Dume kijana anaweza kutia mimba akiwa na umri wa mwaka mmoja na miezi michache tu, wakati bado anaonekana mtoto, na majike waliokuwa karibu naye walikuwa mama yake, dada zake na shangazi zake.

Na hilo lilitufikisha kwenye swali ambalo kwa mfugaji mdogo ndilo gumu kuliko yote: huyu dume ni wa majike gani? Kijana aliyezaliwa nyumbani kwa kawaida ana undugu na majike wa nyumbani. Kumpandisha na dada zake kungekusanya kile kile tulichokuwa tukikikimbia, goti la mama, kutoka pande zote mbili. Kwa hiyo hata kama angekuwa bora, asingeweza kuwafaa majike wetu walio wengi. Ingebidi tuendelee kutafuta mbegu nje kwa ajili yao, na yeye tumtafutie majike wa watu wengine. Mwenye jike wa nje naye ana uhuru wa kuchagua. Mbegu iliyopozwa husafirishwa na kutumika ndani ya siku moja au mbili, na iliyogandishwa katika naitrojeni kimiminika, kwenye nyuzi joto 196 chini ya sifuri, hukaa miaka mingi. Mtu huyo anaweza kupata mbegu ya dume ambaye watoto wake wameshapandwa, wameshafanya kazi na kuonekana. Tulijiuliza kwa uaminifu ni sababu gani ingemfanya aache hiyo na kuja kwa Tufani, na hatukuipata.

Muda pia haukuwa upande wetu. Dume akianza kupanda akiwa na miaka mitatu, watoto wake wa kwanza watazaliwa akiwa na minne, na watawekewa tandiko akiwa na saba au zaidi. Katika miaka yote hiyo mfugaji huendelea kuzalisha kwa matumaini, au humweka dume bila kazi akisubiri ushahidi. Vyovyote vile, kila msimu unaopita hujenga ndani ya farasi mazoea ya dume, na akihasiwa baada ya kuyazoea kwa miaka, baadhi ya mazoea hayo hubaki hata homoni zikiisha mwilini.

Katika kipindi cha kusubiri tulichukua tahadhari nyingine ambayo ningependa wengi waijue. Upo ugonjwa wa virusi unaovimbisha mishipa ya damu ya farasi, unaoenezwa kwa pumzi na pia kwa mbegu ya dume. Dume aliyeambukizwa anaweza kubaki mbebaji kwa miaka, na virusi hivyo hutegemea homoni za kiume ili kuendelea kuishi ndani yake. Chanjo ipo, lakini aliyechanjwa huonekana katika kipimo cha damu kama aliyewahi kuambukizwa. Kwa hiyo dume kijana hupimwa damu kwanza, majibu yanayoonyesha hana virusi huandikwa na kutunzwa, ndipo huchanjwa. Asiyefuata utaratibu huo anaweza kujikuta na dume mzima kabisa ambaye hakuna anayeweza kuthibitisha uzima wake.

Mwenzangu alipendekeza njia ya katikati: tukusanye mbegu ya Tufani, tuigandishe, kisha tumhasi. Ni njia nzuri, na kwa dume mwingine ningeikubali. Inampa farasi maisha ya maksai, na mfugaji anabaki na akiba. Lakini mbegu za madume hazivumilii kugandishwa kwa kiwango kimoja, na uzazi wenyewe haufuati sifa za uwanjani. Cigar, farasi wa Marekani aliyeshinda mbio 16 mfululizo, alipostaafishwa na kupelekwa kwa majike hakumtia mimba hata mmoja. Daktari alitueleza kwamba uchunguzi kamili wa uzazi hukusanya shahawa mara mbili kwa kupishana saa moja, baada ya mapumziko, na kwamba mbegu huchukua takriban miezi miwili kutengenezwa, hivyo homa ya leo huonekana katika mbegu ya wiki kadhaa zijazo. Tungeweza kuyafanya yote hayo. Swali lilibaki lile lile: akiba hiyo ingemfaa jike yupi? Tulipoorodhesha majike tuliowajua, wetu na wa majirani, kila mmoja aidha alikuwa ndugu, au alikuwa na goti lisilo imara, au angefaidika zaidi kwa dume mwingine. Mwenzangu ndiye aliyeiweka kalamu chini. Alisema, “Basi tumhasi, tumpande.”

Wapo waliotuambia kwamba kumhasi farasi wa namna ile ni kumwua. Sikubaliani nao hata kidogo. Kelso alikuwa maksai, na alitangazwa Farasi wa Mwaka nchini Marekani mara tano mfululizo, kuanzia 1960 hadi 1964. John Henry alihasiwa kwa sababu ya ukali wake, akakimbia mbio 83, akashinda 39, na kupata heshima hiyo mwaka 1981 na tena 1984. Farasi aliyehasiwa hapungukiwi uwezo wa kazi, na hupata kitu ambacho madume wengi hawakipati, yaani kukaa na wenzake bila uzio katikati.

Tufani alihasiwa katika majira ya baridi, wakati nzi ni wachache, baada ya kuhakikisha chanjo yake ya pepopunda haijapitwa na muda. Vidonda viliachwa wazi ili maji yatoke, na kazi yetu kubwa katika siku zilizofuata ilikuwa kumtembeza kila siku hata alipokuwa hataki, kwa sababu anayesimama tu huvimba. Tulimweka mbali na majike kwa wiki kadhaa, maana mbegu zilizobaki kwenye mirija zinaweza kutia mimba hata baada ya korodani kuondolewa. Kisha tukamrudisha kwa maksai mzee, na baadaye kundini. Msimu uliofuata hakutembea kando ya uzio. Tunampanda kwa mwendo wa wastani, hatumkimbizi kwa kasi kwenye ardhi ngumu, na magoti yake yako salama.

Mama yake tulimpandisha na dume wa nje ambaye tulichagua kwa kutazama magoti ya watoto wake, kwa kuwaona wenyewe wakiwa wamesimama, kabla ya kuiuliza nasaba yake. Alizaa mwana-farasi dume tena. Tumeshamwekea utaratibu: atapigwa picha kwenye sakafu ile ile, atapapaswa, atatenganishwa na majike kabla ya kutimiza mwaka, na atahasiwa kabla ya mwaka wake wa pili iwapo hakutajitokeza jike mahsusi, asiye ndugu yake, ambaye tunaweza kusema wazi atafaidika naye kwa lipi.